Mama Chachu na Saa ya Unga

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, wafanyakazi wa bekari, na ninyi nyote mliofunga maduka yenu mchana huu ili mje kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, wa tatu kuzaliwa, na familia imenituma nisome maisha yake, si kwa sababu nina sauti nzuri kuliko wengine, bali kwa sababu shemeji yangu, yaani mumewe, amekataa, na watoto wake kila aliyejaribu kuisoma karatasi hii jana aliishia mstari wa pili. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Chachu, na nitaeleza jina hilo lilikotoka, maana nasikia wapo wanaodhani alipewa kwa ukali wake. Ukali alikuwa nao, lakini si huo.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1953, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba yetu, fundi wa mabehewa, na mama yetu, mshonaji. Baba alijua kila msumari wa behewa lakini hakujua herufi, na alipoziba nyufa za ukuta wa jikoni kwa magazeti ya zamani alibandika nusu yake kichwa chini, naye dada, aliyewekwa jikoni amlinde mdogo wake asiungue, akajifunza kusoma huko huko, yaliyo wima na yaliyopinduka, asijue kwamba dunia inatambua upande mmoja tu. Mama alikuwa akimwita mara ya tatu asiitike, anasema sikio la kufa halisikii dawa, kisha anakwenda kumbandua ukutani kwa mkono.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1961, akamaliza la saba mwaka 1967, na mwaka 1968 akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, wa kwanza katika nyumba zile zote za reli, hata baba akawanunulia soda majirani wote. Mwezi Oktoba 1969, akiwa kidato cha pili, baba alibanwa mguu kati ya mabehewa mawili, akakaa hospitalini hadi mwaka ukaisha, na kwa kuwa dada ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, alirudi nyumbani kutafuta kazi. Hakulia mbele yetu. Alichofanya ni kwenda kwa mwalimu wa maktaba, mama mmoja mwembamba ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, akamuuliza kama mtu asiye na dawati anaweza kuazima kitabu, na mwalimu yule, Mungu amrehemu popote alipo, akamwambia kwamba vitabu havijawahi kumuuliza mtu dawati, na tangu siku hiyo hadi mwalimu alipostaafu, kila Jumamosi dada alipita kwenye lango lile lile la shule, amevaa sare ya bekari badala ya sare ya shule.

Bekari hiyo ni hii hii ya mkabala na stesheni. Aliajiriwa tarehe 2 Machi 1970 kuosha mabati ya mikate, baada ya mwaka akapewa kazi ya kukanda, na mwaka 1984, mwenye bekari alipochoka na magoti yake, alimkabidhi aiendeshe. Sasa, wale ambao hawajawahi kufanya kazi hii wanapaswa kujua kwamba mkate wa jioni hukandwa adhuhuri, kisha donge hufunikwa kwa kitambaa na kuachwa liumuke, na wakati huo hakuna mtu anayeweza kulisaidia wala kuliharakisha, hivyo wengine hulala, wengine husengenya, naye alikaa juu ya gunia la unga karibu na mlango, akafungua kitabu. Hiyo ndiyo tuliyoiita saa ya unga. Siku nyingi alisikia harufu ya hamira inabadilika, akainuka kwa wakati, lakini kitabu kikiwa kitamu pua yake ilikufa kabisa, donge likaumuka likapita kiasi, likachacha, na mtaa mzima ukala mkate mchachu, na kinyozi wa jirani, yule pale nyuma anayeinamisha kichwa, alikuwa akinusa mkate kabla ya kulipa na kuuliza leo Mama Chachu amefika ukurasa gani. Ndipo jina lilipotoka. Mwenye bekari alimwita akamwambia achague kitabu au kazi, naye akamjibu kwa adabu zote kwamba unga hauumuki kwa kukodolewa macho, mzee akaondoka akiguna, na alipokubali alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba mkate ukichacha yeye ndiye atakayesimama kaunta kusikiliza matusi.

Alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1975 na shemeji yangu, dereva wa lori, aliyeketi hapa mbele. Shemeji ameniruhusu kusema haya, na kwa kweli ameniamuru. Alipomwoa alikuta vitabu chini ya kitanda, akadhani ni tabia ya usichana itakayopona akishazaa, mtoto wa kwanza akaja mwaka 1976, wa pili 1979, na ugonjwa haukupona. Mwanamume anarudi safari ya siku sita, ana hamu ya kusimulia alichokiona njiani, anapitia bekarini, anamkuta mkewe anamwinulia kidole kimoja, maana yake subiri nimalize aya. Maji yakamfika shingoni. Siku moja mwezi Mei 1981, kitabu kikiwa kimebaki sura mbili, alikichukua kimya kimya, akakiweka chini ya kiti cha lori, akaondoka nacho hadi mpakani, akiamini kwamba atakaporudi atapata mke mzima.

Dada alikitafuta hadi ndani ya pipa la unga. Alipoelewa kilichotokea hakumfuata mtu, hakushtaki kwa wazee, alichukua karatasi ya kufungia mikate na kalamu ya kaunta, na kwa kuwa hakuweza kungoja, akaandika mwenyewe zile sura mbili zilizobaki, kidogo kidogo, kila saa ya unga. Shemeji aliporudi na kitabu, mkewe alikipokea, akakisoma hadi mwisho akiwa amesimama, akalinganisha na cha kwake, akasema mwandishi amejitahidi lakini mimi nimemshinda. Shemeji husema hadi leo kwamba alidhani amemnyang'anya kijiko, kumbe alikuwa amempa sufuria, kwa sababu kuanzia hapo hakuacha tena kuandika, nusu saa anasoma, nusu saa anaandika, ukurasa mmoja kwa siku, akiwa na mimba, akiwa na mafua, akiwa na wafanyakazi watatu wasiokuja kazini na tanuri lililopasuka. Haba na haba hujaza kibaba, sote tunaisema methali hiyo, yeye aliitenda.

Hadithi hizo aliziandika za watu kama sisi, wafua nguo, makarani, wanawake wanaogombania kamba ya kuanikia, na wapo waliomhimiza azipeleke kwa wachapishaji, naye akajibu kwamba anayetaka kumsoma aje anunue mkate. Hakuwa anatania. Karatasi ikishajaa aliifungia mkate wa mteja wa kwanza jioni ile, maandishi yakiwa nje, hivyo hadithi moja ilitawanyika nyumba arobaini, na fundi cherehani na kinyozi walinuniana mwezi mzima kwa sababu mmoja alikuwa na ukurasa wa mwanzo wa harusi na mwingine ana wa mwisho wake na hakuna aliyetaka kumwazima mwenzake. Nilimlaumu sana kwa hilo, nilimwambia anatupa mali, akaniambia mbona mikate inaliwa ikaisha na hujawahi kusema nimetupa mali. Hata hivyo natamani angeniwekea hata moja.

Amebarikiwa watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, wa mwisho alizaliwa mwaka 1988, na wote aliwalea kwa sheria moja, kwamba saa ya unga mtoto anaruhusiwa kukaa karibu na mama kama ameshika cha kusoma, na kama hana basi nje kuna uwanja mpana. Kitinda mimba, ambaye leo ni mwalimu, alishika kopo la hamira mwaka mzima, akilisoma kwa uso wa hakimu, kabla ya kujua hata herufi moja. Msidhani kila mtu aliifurahia sheria hii. Binti yake mkubwa amenikumbusha kwamba alipopata hedhi ya kwanza alingoja nje ya mlango hadi donge likaumuka, na marehemu alipojua hilo aliumia, akafunga bekari mapema jioni hiyo, na tangu hapo akaongeza sheria ya pili, kwamba mwenye jambo zito asibishe hodi, aingie tu. Mwaka 2015 alimwachia mtoto wa pili bekari, lakini saa yake hakumwachia, alikuja kila adhuhuri kuiketia.

Tarehe 9 Februari 2021, asubuhi, akiwa anafunga kitenge chake, alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa na maneno yakaondoka. Alikaa hospitalini wiki tatu, na tulipomrudisha nyumbani mimi, kwa ujinga wa upendo, nilimwekea kitabu mapajani. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akakisukuma kikaanguka. Daktari alitueleza kwamba macho yake yanaona herufi lakini herufi hazimwambii kitu, kwamba huenda zikarudi na huenda zisirudi. Maisha yake yote walikuja watu kuitaka saa ile, mwenye bekari, mume, watoto, hata mimi, na hakuna aliyeipata, na sasa asubuhi moja ilikuwa imeondoka nayo. Alikataa chakula siku mbili, na sote tulijua kinachomuua si mkono.

Siku ya tatu, adhuhuri, shemeji aliingia chumbani na kiti, akaokota kitabu, akaanza kumsomea. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote amesoma vibao vya barabarani na karatasi za mizigo. Alisoma kwa kidole, kila koma alisimama kama amefika kizuizi, nambari za kurasa alizisoma pia, maneno magumu aliyazunguka kama shimo, na wajukuu walijificha nyuma ya pazia kucheka. Lakini alipolizunguka neno la kwanza marehemu aligonga kitanda kwa mkono wa kushoto, paa, shemeji akarudi nyuma akalisoma, na hapo ndipo tulipojua kwamba yumo, anasikia, anafuata, na anakasirika kama zamani. Jioni hiyo alikula.

Walisoma hivyo zaidi ya miaka miwili, na muda huo huo mtaalamu wa mazoezi alikuja kumfundisha mkono wa kushoto kushika kalamu, herufi moja kwa wiki, nyingine zikija, nyingine zikipotea tena. Mwezi Septemba 2023 shemeji alinifuata jikoni akaniambia, "Shemeji, mimi namtesa huyu mama, vitabu alivyovipenda navichinja mbele yake, bora nimnunulie redio." Kesho yake alimweleza hivyo hivyo, kwa upole, akafunga kitabu. Marehemu akaomba kalamu kwa vidole. Ilimchukua saa nzima ya unga, jasho likimtoka, nasi tumesimama mlangoni bila kuthubutu kumsaidia, na alichoandika, kwa herufi za mtoto wa chekechea, ni maneno manne, "Anasoma vibaya sana. Asiache." Shemeji alisoma kwa kidole, akatoka nje kwenda kulia karibu na tangi la maji, akarudi, akaendelea.

Utaratibu unataka shukrani zije mwisho, lakini mimi nitashukuru sasa, kwa sababu nikishasema kilichobaki sitaweza kusema kingine. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, mtaalamu wa mazoezi aliyekuja hata siku za mvua, wafanyakazi wa bekari waliomletea mkate wa moto kila jioni, majirani waliotusaidia kumgeuza na kumfulia, na kinyozi, ambaye hakukosa kuja kumwona Jumapili hata moja. Hatuna cha kuwalipa, Mungu atawalipa.

Marehemu aliaga dunia tarehe 14 Mei mwaka huu, adhuhuri, kitandani kwake, shemeji akimsomea. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikikunja shuka, nikisikia sauti yake ikienda na kusimama, ikienda na kusimama, kama siku zote, mpaka ikanyamaza, akaniita. Nilipoingia nilimkuta amekwisha kumfumba macho, mkono ule wa kushoto umeanza kupoa, nikaelewa kwamba haikuwa imetokea dakika ile. Nikamuuliza, labda kwa ukali kuliko nilivyotaka, kwa nini hakuniita alipoona. Akaniambia, "Nilikuwa katikati ya sentensi, shemeji. Ulitaka nimwache hapo?"

Nenda kapumzike kwa amani, dada yangu.