Saini ya Mdhamini Anayeondoka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi. Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Masomo ya Nje, ambaye leo tumekuja kukuaga. Shemeji yetu, mke wake, uliyeketi karibu naye. Wakuu wa idara. Ndugu wa dirisha la kwanza, la pili, na la tatu ambalo leo nimeliona wazi kwa mara ya kwanza. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wenzangu wa benchi la ukumbini, ambao hamkualikwa lakini mlikuwapo tayari: habari za mchana.

Mimi nauza vifungo na uzi. Sikusoma sana, na kipaza sauti sijawahi kukishika. Kamati ilitaka mzazi mnufaika atoe neno la shukrani. Ikapiga simu kwa wazazi kadhaa, wasipokee, wakidhani ni habari mbaya. Mlinzi, ambaye huniita Mama Faili, akawaambia, "Mnahangaika na simu za nini? Mzazi si yule pale?" Ndivyo nilivyoingia kwenye ratiba, kati ya zawadi na keki. Nikasema, jamani, mimi bado sijanufaika. Katibu wa kamati akanijibu, "Mama, wewe shukuru tu. Kunufaika kutafuata."

Basi nashukuru.

Ndugu Mkuu, sisi wa benchini tunakuita Bwana Utaratibu, na si vibaya ukaondoka ukilijua jina lako. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna faili lililopotea mikononi mwako. Lingepotelea wapi, na halikutoka? Wapo wakubwa wanaokaripia watu. Wewe hukumkaripia yeyote. Ulitusindikiza mpaka mlangoni, ukatushika mkono, ukatuomba turudi wiki ijayo. Marehemu mume wangu, fundi wa mizani za sokoni, alirudi nyumbani siku moja nikamwuliza, "Wamesemaje leo?" Akavua viatu kwanza. "Wamesema wiki ijayo. Ila safari hii wamesema kwa upole zaidi."

Binti yetu alikubaliwa na chuo cha nje akasomee kutengeneza miguu ya bandia. Sheria yenu inasema mkopo wa mwanafunzi unaweza kulipia masomo ya nje, ikiwa masomo hayo hayapatikani hapa nchini. Ni sheria nzuri. Lakini kitu ambacho hakipo unakithibitishaje? Kwa barua! Kila chuo kiandike kwamba hakifundishi miguu ya bandia. Mume wangu akazunguka. Chuo cha ushonaji wakamwandikia. Chuo cha upishi wakamwandikia, wakaongeza kwamba wanamtakia mtoto heri. Chuo kimoja kikaandika, "Hatufundishi, lakini mkituletea wanafunzi ishirini tutaanza." Barua hiyo ilituchelewesha miezi minne, kwa sababu dirisha la pili waliona kwamba masomo yanakaribia kupatikana.

Ikaja zamu ya saini, kwa kuwa mume wangu ndiye aliyekuwa mdhamini. Binti wa dirishani akamwambia, "Mzee, saini yako ya leo na ya mwaka jana hazina hata undugu." Hakukasirika. Jioni akawa anakaa kujifunza saini yake mwenyewe kwa penseli, pembezoni mwa magazeti ninayofungia vifungo. Mpaka leo kuna mteja hufungua kifurushi akaniuliza, "Mama, huyu nani kajaza jina lake hivi?" Namwambia ni karatasi tu.

Alifariki mwaka jana. Nilileta cheti cha kifo ili niwe mdhamini badala yake, nikapewa fomu ya kubadili mdhamini, ukurasa mmoja, safi kabisa. Sehemu ya kwanza hujazwa na mdhamini anayeingia. Sehemu ya pili husainiwa na mdhamini anayeondoka.

"Mwanangu," nikamwambia yule binti, "huyu ameshaondoka."

"Najua, mama, na pole sana. Lakini anatakiwa aondoke kwa fomu."

"Sasa mimi nitampata wapi?"

Alifikiri kweli kweli, hakuwa akinidhihaki. "Jaribu wiki ijayo, mama."

Benchini wakaninong'oneza, "Dada, si unaijua saini yake? Ipige mwenyewe, nani atajua?" Naijua. Naweza kuipiga nimefumba macho. Lakini mtu aliyekesha na jina lake ili asionekane mwongo, nimwibie jina hilo hilo? Mkono ulikataa.

Kisha nikaambiwa kuna kifungu: Mkuu wa Kitengo anaweza kuruhusu bila saini ile. Nikaja kwako, Ndugu Mkuu. Ulinipa kiti, ukaniuliza habari za nyumbani, ukasema, "Kifungu kipo, mama, lakini sijawahi kukitumia. Nikianza na wewe, kesho watanijia wote waliofiwa." Nikatoka nikijiambia, kumbe tuko wengi.

Sasa, ndugu wageni waalikwa, hili nimeliona leo asubuhi kwa macho yangu. Ndugu Mkuu alikuwa upande wetu wa dirisha. Alileta fomu ya kukabidhi ofisi, maana bila hiyo mafao hayatoki. Yule binti wa dirishani akaisoma. "Bado saini moja, mkuu. Ya yule aliyekukabidhi wewe."

"Lakini yule alikufa zamani! Wewe hata kazini ulikuwa hujaingia!"

"Pole, mkuu. Ila fomu ndiyo inayotaka."

Sikufurahi, nawaambia kweli. Naijua hali ile, mtu hajui mikono aiweke wapi. Nikasogea nimpe nafasi akae. Hakuhitaji. Naibu wake alitoka, akachukua kalamu, akaandika juu ya fomu, "Mhusika amefariki. Aendelee." Mhuri ukalia. Chai yangu ilikuwa bado inaniunguza ulimi.

Maneno matatu! Mwaka mzima natafuta dawa, kumbe ni maneno matatu, na yanauzwa dirisha lile lile!

Ndugu Mkuu, sikuja kukuaibisha mbele ya mkeo. Nina haja moja tu. Chuo kinafunga usajili kesho adhuhuri, na wameshamwongezea binti yangu muda mara mbili, hawataongeza tena. Anayekuja baada yako atatumia mwezi mzima kupokea funguo. Wewe ni Mkuu mpaka saa kumi, na sasa ni saa kumi kasorobo. Fomu ninayo hapa. Naomba unitendee kama ulivyotendewa.

Ndugu mshereheshaji, naona unanipungia mkono. Nivumilie, keki haipoi.

Ndugu Mkuu ameinuka. Tafadhali msipige makofi, mtamkosesha. Anatafuta miwani... Asante, shemeji, wewe ndiye unayejua vitu vyake viliko. Hapo juu, Ndugu Mkuu, penye nafasi. Ndiyo, hapo. Na tarehe.

Niruhusuni nisome. "Mhusika amefariki. Aendelee."

Samahanini kidogo.

Nilidhani nitacheka. Sokoni mizani zilishapata fundi mwingine. Nyumbani nilishazoea kulala katikati ya kitanda. Ni humu ndani tu, dirisha la pili, ambamo kila wiki niliambiwa, "Mama, tunamsubiri mzee asaini." Nilikuwa nikiondoka na hasira, na wiki inayofuata nikirudi mapema kuliko ilivyohitajika. Nafikiri nilikuwa nakuja pia kulisikia neno hilo, kwamba kuna mahali bado anasubiriwa.

Sasa hamumsubiri tena. Ni sawa. Mtoto aende.

Nakushukuru, Ndugu Mkuu, ustaafu kwa amani. Nawashukuru ninyi nyote mlionipa masikio yenu mpaka hapa. Naomba njia, wapendwa, mhuri bado.