Kinoo cha Mama Sumie

Ndugu waombolezaji, wanoaji wenzetu wa Sakai, na wote mliokuja kumsindikiza Mama Sumie Kitade, mimi mpwa wake nawasomea maisha yake kwa niaba ya familia, na mniwie radhi sauti ikipanda, kwani habari za mama huyu hazisomeki kwa kunong'ona.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Kishiwada, akasoma hukohuko hadi kumaliza sekondari mwaka 1969, akaolewa na Bwana Teruo Kitade tarehe 3 Novemba 1974, wakajaliwa mtoto mmoja, Kazuma, huyu hapa.

Mumewe alipofariki mwaka 1989, alibaki kwenye karakana ya kunoa visu na baba mkwe wake, Mzee Yasaku, pamoja na vinoo vya mlimani vilivyoishi ndani ya ndoo ya maji tangu enzi za mababu. Mwaka 1998 mhunzi Iwasa akaleta visu vya chuma kipya, kigumu ajabu, vinoo vile vikateleza tu juu yake, na mhunzi akasema visipopata makali kabla ya Mwaka Mpya atapeleka kazi kwa wanoaji wa mji wa Seki, maana yake karakana ifungwe.

"Chuma hicho hakina adabu," Mzee alisema.

"Chuma hakina kosa, Baba, vinoo vyetu ndivyo laini."

Akauza kimono yake ya arusi, akanunua kinoo cha kiwandani chenye chembe ngumu kuliko chuma chenyewe, akakitumbukiza ndooni kama ilivyo ada ya nyumba, asubuhi akakikuta kimepasuka.

"Mwanangu, hicho hata maji yamekishinda," Mzee akamtania, naye akalia, kisha akauza na mkanda wa kimono, akanunua kingine, safari hii, akijua kuwa kulowekwa ndiko kulikokipasua kile cha kwanza, akakinyunyizia matone tu, na jamani, kikakila chuma. Kidole gumba kiliposikia unyuzi mwembamba umejikunja ukingoni, ishara kwamba makali yanakuja, alipiga ukelele majirani wakadhani kuna moto. Mzee akakichukua kisu hicho, akakatia samaki mbichi, akatafuna, akaenda kuimwaga ndoo mwenyewe.

Alianza kuugua mapafu Mei 2023, akafariki tarehe 14 Januari 2024, akiwa na miaka sabini na miwili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mhunzi Iwasa na wapishi wote waliomletea visu vyao. Jana, tulipomlowesha midomo kama ilivyo desturi yetu, Kazuma alianza kuichovya pamba yote majini, akasita, akaikamua, akamtilia mama yake matone tu.

Yametosha, Mama. Pumzika kwa amani.