Wanawake Waliopita Mikono Mitupu

Nianze na waliopo, asije mtu akasema nimeongea na hewa. Yupo Nyamisi, aliyerudi kutoka Bunda alikokuwa akiuza vitenge. Mama yake na mama yangu walichota maji kisima kimoja. Yupo Perusi, jirani yangu wa chini, tulibatizwa siku moja. Yupo Bhoke, na wifi yake Nyangeta kando yake. Yupo Tabu, mama wa mapacha niliowapokea kwa mikono hii, na Sabina fundi cherehani. Hao ndio sita. Kule mlangoni amekaa mkamwana wangu Wegesa, mke wa mwanangu Magesa, asijifiche. Ninyi wengine wa jumuiya nawajua wote. Wale waliosema vibaya sitawataja, ingawa majina yao ninayo.

Ndugu zangu, mimi niliangushwa na heshima.

Mume wangu alipofariki na matanga yakavunjwa, Magesa alileta kochi kutoka Musoma, akaliweka kwenye dirisha linaloangalia barabara. Akasema, "Mama, umelima tangu hujanizaa. Jembe basi. Kaa." Huku kwetu mnajua, mama akionekana na ndoo kichwani na mkamwana anaye, watu wanamsema mtoto wake. Basi nikakaa. Wegesa alichota maji, alipika, akaniletea ugali wa muhogo na sato hapo hapo kwenye kochi. Hata kuku nilikuwaga nafukuziwa.

Mwanzoni ilikuwa tamu, sidanganyi. Masika ikapita, kiangazi kikapita. Miguu ikavimba, viatu vya kanisani vikakataa. Nikaacha kanisa. Usingizi ukakimbia. Nikawa nalia na hakuna msiba mpya. Halafu nikaanza kusikia jembe.

Mchana, jua limesimama, shambani hakuna mtu, mimi nasikia jembe linagonga udongo mkavu nyuma ya nyumba. Ti. Ti. Ti. Ni mwendo wa mume wangu kabisa, alivyokuwaga analima bila kupumzika.

"Wegesa, nenda katazame nani analima."

Anakwenda, anarudi. "Mama, hakuna mtu."

"Tazama na kwenye migomba."

"Nimetazama, Mama. Hata panya hayupo."

Na wakati anasema hivyo, mimi bado nalisikia.

Wakanipeleka hospitali Bunda. Presha juu, sukari juu, nikalazwa. Nesi mmoja mpole akanishika mkono akasema, "Bibi, hiyo ni damu yako inagonga masikioni. Kunywa dawa, na utembee." Dawa nikachukua. Kutembea nikaona ni maneno ya watoto wa mjini. Na habari ya damu sikumwamini, kwa sababu damu yangu ingejuaje mwendo wa mume wangu?

Nilirudishwa nyumbani jioni moja kwa gari la kukodi, mvua inanyesha, hakuna aliyeniona. Shemeji yangu mmoja, simtaji, akamwagiza Wegesa: mtu akiuliza, sema Mama bado yuko Bunda, wageni wasimchoshe. Wegesa akatii. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua niko Bunda, na mimi niko dirishani. Shikeni hapo.

Asubuhi yake, kumeshapambazuka lakini ukungu umelala barabarani, nikawaona.

Wanawake, khanga vichwani, wanapita kwa mstari mmoja, haraka, kimya. Hakuna hata anayekohoa. Na mikono mitupu. Huku kwetu mwanamke hatoki mikono mitupu. Akienda kisimani ana ndoo, akienda shambani ana jembe, hata msibani anabeba unga. Mama yangu alikuwa akisema mwanamke anatoka mikono mitupu mara moja tu, siku anapobebwa. Na mikono ya hawa ilikuwa inakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama inatafuta kitu cha kushika.

Nikahesabu. Sita. Lakini kati ya wa nne na wa tano palikuwa na nafasi, mtu mmoja anaenea.

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Nafasi ile ile, haizibwi. Wakifika usawa wa dirisha langu, vichwa vinainama na mwendo unaongezeka. Nilimwita Wegesa, akaja na moshi wa jikoni machoni, akakuta barabara tupu. Akamwambia shemeji. Shemeji akaja, akakaa karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Wakikuita usiitike. Wamekuja kukuchukua." Akafunga pazia mwenyewe. Mimi nikabaki nachungulia pembeni ya pazia, na kila asubuhi naiona nafasi yangu inapita na kwenda.

Nawaambia ukweli, mwishowe sikuogopa. Nilichoka. Kukaa nangoja kulinichosha kuliko kufa kwenyewe. Asubuhi moja, Wegesa yuko kisimani, nikatoa sandukuni kitenge cha bluu nilichojiwekea cha kuzikiwa. Nikajifunga. Nikashika ukuta, nikashika mlango, nikashika nguzo ya zizi, miguu kama ya mtu mwingine. Umande ukanipanda mpaka magotini. Sikuwa na kitu mkononi.

Walipokuja, nikaingia kwenye nafasi yangu.

Hakuna aliyegeuka. Mbele yangu mgongo, nyuma yangu hatua. Tukaanza kupanda kilima. Moyo unagonga, pumzi inakatika, ukungu umefunga pande zote. Nikasema kimoyomoyo, kumbe kufa ni kupanda mlima. Halafu upepo ukaniletea harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya kwenye kichupa, inatoka kwa huyu wa mbele. Nikajiuliza, aliyekufa anaumwa mgongo?

Nyuma yangu sauti ikatetemeka. "Perusi. Usigeuke. Tumeongezeka."

"Nimesikia," akasema wa mbele. "Anapumua kama ng'ombe."

"Mzimu unapumua?"

Nikasema, "Perusi, ni wewe? Umekufa lini, mbona sikuambiwa?"

Perusi akageuka, akaniona uso, akakaa chini katikati ya barabara. Bhoke alikimbia, leo anakataa, lakini alikimbia. Nyamisi peke yake ndiye alinifuata, akanishika mkono, akauminya. "Ana joto," akawaambia wenzake. "Ni mzima. Mama Magesa, wewe si uko Bunda?"

Hapo ndipo tukaelezana. Nyamisi aliambiwa kliniki atembee kila siku, mikono iwe huru, mgongo unyooke. Akawakusanya wenzake. Lakini watu walipowaona wake za watu wanakwenda mbio bila ndoo wala jembe, na wanarudi bila kuni, wakaanza kunong'ona kuwa ni wachawi. Kwa hiyo wakajificha kwenye ukungu. Na pale kwangu walinyamaza na kukimbia kwa sababu kila asubuhi waliona dirishani uso wa mtu aliyeko Bunda. Walijua nimefia kule na roho imetangulia nyumbani.

"Sisi tunapita tunasali," Perusi akasema, "na wewe unatutolea macho."

Tukacheka, Tabu akashika mbavu. Kisha nikauliza ni nani aliyenitengea ile nafasi. Kicheko kikakatika.

Nyamisi akasema, "Nafasi gani, mama? Kwa uoga ule tulikuwa tunakanyagana visigino."

Wakatazamana. Mimi sikuuliza tena, na leo siulizi. Mungu anajua.

Niliporudi nimelowa, Wegesa akanipa ugali; sijamaliza, shemeji akafika. Alifoka. Akampigia Magesa simu Musoma, akasema mama yenu ameingia kundi baya, afungiwe ndani. Ndugu zangu, kama ningefungiwa siku ile, leo mngekuwa mnaniombea kwa picha. Aliyenisimamia ni huyu aliyejificha mlangoni. Wegesa alifungua pazia, akamwambia taratibu, "Baba mdogo, tangu nimeolewa hapa sijawahi kukujibu. Leo nakujibu. Mama amekula akaomba chumvi. Miezi yote hii hajawahi kuomba kitu. Kesho nitamtoa mimi mwenyewe." Simu ilikuwa bado wazi. Magesa akasema, "Mwacheni Mama atembee."

Nikawaambia na hawa sita: tusiende tena kwenye ukungu. Twende jua likichomoza, barabara ya kushuka sokoni Butiama, watu wote watuone. Mimi nitakaa mbele. Wanaotusema nusu yao niliwapokea mimi wakiwa na kitovu. Atakayeniita mchawi nitamwambia alivyotoka. Na tulipopita, hakuna aliyetuita wachawi.

Siku za kwanza nilifika nguzo ya umeme nikarudi. Halafu nikafika kwenye daraja, halafu sokoni. Uvimbe ukashuka, viatu vikaingia, nikarudi kanisani. Usingizi ulikuja wenyewe, kama mbuzi anayejua zizi lake. Nilipata watu wa kuambia mambo niliyokuwa nayaambia dirisha. Bunda nesi alipima presha, akapima tena, akaita mwenzake aje atazame. Vidonge bado nameza, msije mkaacha vyenu kwa sababu yangu.

Na jembe lilinyamaza. Mchana mmoja nimekaa naota jua, nikashtuka kuwa kimya. Nikatega sikio. Hakuna kitu. Nawaambia nililia, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuwa naye.

Namshukuru Wegesa. Nawashukuru hawa sita walioogopa wakapita hivyo hivyo. Namshukuru yule nesi, ambaye jina lake ndilo pekee sikuliuliza, na linaniuma. Na ninyi wenye mama nyumbani, mpeni kochi, ni vizuri. Lakini msimfungie pazia. Mwanamke aliyezoea kulima ukimkalisha ghafla, damu inakosa kazi, na kichwa kinajitafutia watu wake. Mtoeni nje apigwe na jua na upepo, awe na wenzake, hata kama hana kitu cha kubeba.

Haya niliyowasomea nimeyaandika kama ninavyokumbuka. Kama jina la mtu nimelikosea, au ujamaa nimeuweka upande usio wake, au Bhoke kweli hakukimbia, nisahihisheni. Sitakasirika. Ila mje asubuhi, jua likichomoza, mniambie tukiwa njiani.