Zima Motere

Kwenye kona ya mtaa wa Ngezi kuna benchi ambapo Vahwere huuza kahawa, na wanaoikalia hawajawahi kukiri kuwa kuna jambo wasilolijua. Asubuhi hiyo jeep kuukuu ya Osée ilikuwa inanguruma mbele yao, boneti wazi. Mama yake yuko Bule, homa siku ya nne, na dawa za kule zimeshindwa, naye anataka kwenda kumchukua. Magari ya Bule huondoka pamoja saa nne, maana njia ile mtu haendi peke yake. Na katikati ya njia kuna barrière, kizuizi cha ukaguzi: kila dereva huambiwa “zima motere”, yaani injini, kisha ashuke. Batri ikigoma pale, wenzake hawatamngoja. Osée aliogopa, wala hakuificha hofu yake.

— Muniambie tu. Batri iko muzima ao hapana?

Fabrice, fundi wa redio wanayemwita Docteur Fil, daktari wa nyaya, akawa wa kwanza kuinama.

— Piga klaksoni!

Ikalia mpaka kuku wakatawanyika.

— Batri ya mugonjwa inakohoa. Hii inaimba!

— Weye unajua redio tu, akasema Abdoul, mchimba dhahabu, jina la benchi Carat. Siye kule mu karière tunaangalia mwangaza. Washa taa!

Zikawaka kali.

— Njo vile! Dalili ya mvua ni mawingu.

— Mvua gani, Carat? akauliza Docteur Fil.

— Kunywa kahawa yako.

Muzee Jérôme, aitwaye Président ingawa hakuna aliyempigia kura, akasema batri hupimwa kwa sikio. Akaliinamisha.

— Inacheua sawa ng'ombe yenye kushiba. Enda, mutoto wangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Osée akachungulia chini ya gari.

— Yamemwagika wapi, muzee?

— Ni musemo tu!

Ilibaki robo saa. Mwalimu Annie, mgeni mtaani, akafika na kikombe chake.

— Munafanya nini?

— Tunapima batri.

— Na motere inawaka?

— Tangu saa moja, Osée akajibu. Niliogopa kuizima.

— Basi ni motere njo inalisha zile taa na klaksoni. Batri bado hamuyaipima. Nani atazima?

Président akaangalia kikombe chake. Carat akafunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa. Docteur Fil akawatazama kuku.

Osée akapanda. Akaona jambo moja: hapa kuna watu wa kumsaidia, kule kwenye barrière hakuna. Akazima. Kona nzima ikanyamaza, na kutoka barabara kubwa zikasikika honi za magari ya Bule yakiitana.

Alipotazama kwenye kioo kabla ya kugeuza ufunguo, benchi ilikuwa tupu. Wote watatu walikuwa wamejipanga nyuma ya jeep, mikono tayari kusukuma, na Président ndiye aliyekuwa katikati.