Alhamisi ya Manjano

Katika boti ya Mokowe kwenda Amu, yaani kisiwa cha Lamu, muuguzi aitwaye Roselyn alimwonyesha mzee aliyeketi kando yake, Bwana Mahmud, mchoraji wa majina ya boti, tangazo la chanjo alilotaka kubandika zahanatini. Herufi zilikuwa za manjano, nyembamba, zenye mikia.

Mzee aliisogeza karatasi mbali mpaka mkono ukaisha. "Mwanangu, hii ni siku gani?"

"Alhamisi, mzee. Si imeandikwa?" alisema Roselyn. Mimi, niliyeketi mbele yao, nilivaa miwani nikaichungulia karatasi.

"Mama zetu watakuya Ijumaa, chanjo imekwisha. Tia rangi nyeusi, herufi nene."

"Nyeusi itakuwa kama tangazo la kifo!"

"Na la kifo, nani hukosa kulisoma?"

Tulicheka, Roselyn pia. Boti ilipogusa gati, Roselyn alikuwa ameinyoosha karatasi juani, amefinya macho, akiitafuta Alhamisi.