Bernadina Mbuke Mayala (1971–2025), Mpimaji wa Damu Aliyefika Mdomoni mwa Duara

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani, mimi ni Deusdedit, mdogo wake marehemu. Nasoma wasifu huu kwa fahari, na mkiniona nimetabasamu, msinishangae.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Songwa, Kishapu, mtoto wa kwanza wa hayati Mzee Mayala na Mama Lusia. Ng'ombe alipochinjwa nyumbani, sisi tuligombea maini. Yeye alichuchumaa kutazama damu ikiganda. Bibi alidhani mtoto ana kasoro.

Alisoma shule ya msingi hapa Songwa kuanzia 1980 hadi 1986, kisha sekondari Shinyanga mjini, akahitimu stashahada ya maabara mwaka 1997. Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye zahanati ya Isaka. Huko alikutana na shemeji yetu Eustace, karani wa mizigo bandari kavu, aliyekwenda kupima malaria mara nyingi kuliko mbu wa Isaka wanavyoweza kuuma. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 2001, wakajaliwa Generosa na Benjamini.

Mwaka 2009 alihamia kituo cha afya karibu na machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo. Huko kila homa iliitwa malaria, na malaria isipoonekana, taifodi. Kituo kilipopata kipimo cha CRP, dada alifurahi kama aliyepata mjukuu. CRP ni protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwili unaposhambuliwa. Mtu mzima mwenye afya huwa nayo kidogo sana, namba isiyofika kumi. "Hakinitajii mwizi," alikuwa akituambia, "kinaniambia mbwa wanabweka. Mwizi tutamtafuta na daktari."

Mwezi Agosti 2018 alifika mchimbaji aitwaye Marwa, ana homa na kifua kinamchoma akivuta pumzi. Malaria haikuonekana. Daktari Valerian akaagiza CRP, ikasoma mia mbili na kumi. Dada akampa majibu ayarudishe kwa daktari. Marwa hakuyarudisha. Kule machimboni jiwe likipelekwa kupimwa, namba kubwa ndiyo sherehe. Alitoka anawaonyesha wenzake: "Imesoma mia mbili na kumi. Hii damu imelipa." Akapanda bodaboda, akarudi kuingia duarani, lile shimo lao la kuchimbia.

Daktari alipomsubiri bila kumwona, dada alivua koti la maabara akamfuata. Alijua mtu yule akizidiwa chini hatapanda tena. Kwa desturi ya pale mwanamke hasogelei mdomo wa duara. Walinzi wakamzuia.

"Mama, hapa hapafikiwi. Dhahabu itakimbia."

"Ikimbie. Mimi nimemfuata mtu."

Alisimama palepale ukingoni, akaita jina la Marwa mpaka kamba ya kupandia ikatikisika. Marwa alipotoka, hawezi hata kusimama, dada alimwambia, "Mwanangu, kwenye jiwe namba kubwa ni mali. Kwenye damu ni hatari. Twende." Hospitalini Shinyanga walikuta usaha umejaa kifuani, wakautoa. Dawa zilipofanya kazi CRP ikawa inashuka kila ilipopimwa, na Marwa safari hii akafurahia kushuka. Tangu hapo dada hakumpa mtu namba bila kumweleza maana yake, na wachimbaji wakawa wanakuja kupima wenyewe kabla ya kumeza vidonge vya dukani.

Mwaka 2023 aliugua saratani ya kongosho, akatibiwa Mwanza. Alisoma majibu yake mwenyewe, akampa Generosa miwani amshikie, akaomba uji. Alifariki nyumbani tarehe 8 Mei 2025, tukiwa tumemzunguka. Inauma, sitaficha. Lakini hakushindwa.

Ameacha mama yake, Mama Lusia; mume, Eustace; watoto wawili, Generosa na Benjamini; mjukuu, Blessing; na sisi wadogo zake, mimi na Dorah.

Na wapo wale waliosimama kule nyuma na kofia zao mkononi, Marwa akiwa mbele yao. Maduara ya kwao husimamishwa siku moja tu: siku ya kumzika mchimbaji. Leo yamesimama.

Pumzika kwa amani, dada yetu. Kazi uliimaliza.