Papa Ngongo Arudisha Beji ya Mkalimani wa Muda

Baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Papa Ngongo Kasongo, mkalimani wa zahanati yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, alistaafu Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025. Barua yake ya kazi ilimwita mkalimani wa muda, na ofisi bado inachunguza kama muda huo unatosha kumfanya wa kudumu.

Mzaliwa huyu wa Kindu, Kongo, alikuwa akiuza vitenge kambini. Siku moja alimsindikiza jirani aliyevimba miguu ili amfasirie, na zahanati haikumwachia tena.

Kosa lake kubwa tunalikumbuka. Wakubwa walitundika bango la rangi: kunywa maji mengi, linda figo zako. Wagonjwa ambao figo zao zilishakufa, waliopimiwa maji kwa kikombe, wakalitii bango, wakavimba. Papa Ngongo akalibandua. Akapewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya ofisi, na bango likarudishwa juu zaidi asilifikie. Akaleta stuli.

Lilongwe, kwenye hospitali kuu tunakopeleka wagonjwa wa figo, alipambana na foleni. Mgonjwa wa mtaa wa Area 18 mwenye bima, saa mbili asubuhi yuko kwenye mashine ya kusafisha damu. Mkulima wa kijijini Nathenje hungoja hadi mchana. Mkimbizi huulizwa kitambulisho cha taifa, kisha kabila, kisha huambiwa arudi kesho. Halafu wataalamu wanashangaa kwa nini watu wetu hufika mahututi! Papa Ngongo alishika dirisha la karani kwa zikomo nyingi, asante ya Kichewa, haondoki, mpaka karani akachoka. Ndivyo Mauwa, mama wa watoto wanne, alivyopata mashine kila Jumatatu na Alhamisi.

Kwenye hafla, Mauwa alisimama akilia: "Papa Ngongo, mi sisikiake Chichewa yabo. Ukibakia ku nyumba, njo nimeisha." Mkuu wetu wa idara, ambaye hajui Kiswahili, alipiga makofi akidhani anashukuru. Mkalimani pekee alikuwa meza kuu, mdomo umejaa keki. Mimi ninayeandika haya nilimwelewa, nikaona aibu, nami nikapiga makofi.

Kanuni inasema mgonjwa asiye na mkalimani hapandi gari la kwenda Lilongwe. Mrithi atatafutwa bajeti ikiruhusu.

Asante sana, Papa Ngongo. Tunakutakia mapumziko marefu na matamu, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri, na Mauwa ameshakuwekea kiti.